Mwanangu, Kwangu Kunanyesha

Saa kumi na moja alfajiri mlango uligongwa. Nilipofungua nikamkuta mama wa ghorofa ya chini, kanga kichwani, tochi ya simu mkononi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe. "Mwanangu," akasema kwa upole ule unaouma kuliko matusi, "kwangu kunanyesha."

Ilikuwa Agosti, Dar es Salaam, na nje hakukuwa na hata tone. Nilipogeuka ndani ndipo nikasikia ndara zangu zinachapa maji. Zulia lilikuwa limevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Tangi langu la samaki, ambalo nililiacha limejaa vizuri, lilikuwa limepungua zaidi ya nusu shubiri. Samaki walikuwa wazima, wamejibana katikati ya mawe wakinitazama. Umeme hakuna. Na wala haukukatika mtaani, maana korido ilikuwa inawaka taa: ni LUKU yangu ndiyo iliyoisha. Kabla ya kulala niliziona zile yuniti mbili zilizobaki, nikajiambia nitanunua asubuhi.

Niseme kwanza kwa nini mtu mzima mwenye familia anaweka tangi la lita 270 kwenye sebule ya nyumba ya kupanga.

Mimi nimekulia Ujiji. Kwetu samaki ni migebuka, ni dagaa, na ukibahatika ni kuhe, ambaye anapikwa kwa heshima yake. Vile visamaki vya kwenye mawe, ambavyo tulikuwa tunaviona tukipiga mbizi utotoni, havikuwa na maana yoyote. Havijazi kikaango. Ilinibidi nihamie Dar, nizeeke kidogo, ndipo nigundue kwamba kuna watu Ujerumani na Marekani wanapasha maji joto na kuyatia chumvi za madini ili yafanane na maji ya Ziwa Tanganyika, kwa ajili ya samaki walewale tuliokuwa tunawarushia vijiwe. Nikaona aibu kidogo, halafu nikaingiwa na wivu. Mfugaji mwenzangu akaniuzia duboisi (Tropheus duboisi, mmoja wa wale samaki wa mawe wa Tanganyika) kumi na wanane aliowazalisha mwenyewe. Duboisi akiwa mtoto ni mweusi mwenye vidoa vyeupe, ndege kanga mtupu. Akikua vidoa vinafutika, kichwa kinakuwa na ubluu fulani, na mwilini anabaki na mkanda mmoja mpana kama bondia aliyeshinda.

Uzuri huo una gharama. Duboisi anakula ukoga wa kwenye mawe kutwa nzima, na anayekula kutwa nzima anakunya kutwa nzima. Na ni samaki dhaifu wa tumbo: maji yakichafuka anavimba, na akishavimba mara nyingi unamzika. Kichujio kidogo cha kuning'iniza ukingoni hakiwatoshi. Wanahitaji sampu, yaani tangi la pili chini ya lile la kwanza. Maji yanashuka kutoka juu, yanapita kwenye sponji na mawe ya kuchujia, halafu pampu inayarudisha juu. Faida nyingine ni kwamba maji yanayoshuka ni yale ya juu kabisa, yenye utando wa mafuta na mabaki ya chakula, na kina cha tangi la juu hakibadiliki. Joto la Dar likikausha maji, yanapungua kwenye sampu, ambako hakuna anayeangalia.

Sasa hayo maji ya juu yanashukaje?

Kila mwenye simtanki juu ya paa anaijua ovaflo: kile kibomba kilichotobolewa karibu na shingo, ambacho kikianza kumwaga unajua kuna mtu amesahau kuzima mota. Tangi la samaki nalo linataka ovaflo. Shida ni kwamba la kwangu ni la kioo na halikuachiwa tundu. Nilimpigia fundi vioo aliyelitengeneza. Akaniambia kioo cha kawaida kinatobolewa kwa drili yenye kichwa cha almasi, taratibu, huku unakimwagia maji; kile kilichopikwa kikawa kigumu ndicho hakitobolewi, ukikigusa tu na drili kinakuwa punje za chumvi. Changu ni cha kawaida. "Nitakutobolea, kaka," akasema, "ila kikipasuka usinitafute."

Tangi lilikuwa na samaki kumi na wanane na mawe ya kilo nyingi. Sikumwita.

Njia ya pili ni kuyavusha maji juu ya ukingo bila kutoboa kitu. Mtu aliyewahi kumwona dereva ananyonya mafuta kwenye dramu kwa kipande cha mpira hahitaji mwalimu hapo. Mpira ukishajaa, maji yanapanda yenyewe juu ya ukingo na kushukia upande wa pili, ili mradi upande wa pili uko chini zaidi. Huo ni mnyonyo. Jambo la pili analijua fundi ujenzi. Akitaka kuhamisha usawa kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine anatumia mpira mweupe uliojaa maji, kwa sababu maji ya ncha mbili za mpira mmoja yanatafuta usawa mmoja. Unganisha hayo mawili na una kisanduku cha ovaflo: kisanduku kimoja ndani ya tangi, kingine nje, na mpira uliopinda unaovuka ukingo kuviunganisha. Maji ya tangi yanamwagikia kisanduku cha ndani kupitia meno kama ya chanuo, yanavuka, yanamwagikia cha nje, yanashuka kwenye sampu. Umeme ukikatika, maji yanashuka hadi kwenye meno na kukomea hapo, kwa sababu ncha zote mbili za mpira bado zimezama. Umeme ukirudi, safari inaendelea kutoka pale ilipoishia.

Kwa maneno, ni kazi ya nusu saa. Cha kwanza nilikitengeneza kwa mabaki ya pespeksi, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, niliyonunua kwa watengeneza mabango Kariakoo, nikayaunga kwa silikoni. Nilifanya kazi kwa kujiamini kweli. Nilipiga picha, nikamtumia yule mfugaji mwenzangu. Akanijibu neno moja tu: "Umezima?"

Sikumwelewa. Nikadhani anaulizia simu.

Usiku wa LUKU ndipo nilipomwelewa. Kisanduku chenyewe hakikuwa na kosa usiku ule, kilifanya kazi yake na kunyamaza. Mkosaji alikuwa bomba la kurudishia. Nilikuwa nimelizamisha sentimita 12 ndani ya maji ili lisipige kelele. Pampu ilipokufa, bomba lile likageuka kuwa mnyonyo wa kwenda chini. Piga hesabu: urefu 120, upana 45, kina 12, ni karibu lita 65. Sampu yangu ilikuwa kontena la plastiki la lita 60 lenye lita 40 ndani, kwa hiyo nafasi iliyobaki ni 20. Zile 45 nyingine, ambazo ni ndoo kubwa mbili na zaidi, zilikwenda kumtembelea mama wa chini.

Dawa yake inachekesha kwa udogo. Unatoboa tundu la milimita tano kwenye bomba la kurudishia, sentimita mbili tu chini ya uso wa maji. Pampu ikizima, maji yanashuka hadi tunduni, bomba linavuta hewa, mnyonyo unakufa. Sentimita mbili kwenye tangi langu ni lita 10.8, na sampu inazipokea bila neno. Ukoga huwa unaliziba tundu hilo, kwa hiyo mimi nilitoboa mawili, na kila Jumamosi nayachokoa kwa kijiti cha meno.

Zulia nililianika siku nne. Mama wa chini nilimpakia rangi dari lake mwenyewe, kwa mkono wangu, juu ya kiti chake cha plastiki, huku akinielekeza sehemu nilizoruka.

Ningeishia hapo ningekuwa na makala fupi na sebule kavu. Lakini wiki kama tano baadaye, Jumapili mchana, nilikuwa namenya chungwa sebuleni nikashtushwa na kimya. Anayeishi na sampu anazoea mlio wa maji yanayoshuka kiasi kwamba hausikii tena, mpaka ukome. Nikageuka. Pampu inafanya kazi, maji yanakwenda juu, hayashuki. Uso wa maji ulikuwa umefika ukingoni na umetuna, ule mtuno wa kikombe kilichojazwa hadi mwisho. Niliruka nikachomoa waya ukutani. Yalimwagika kama lita mbili. Nikajilaza kifudifudi nikifuta kila tone kwa shuka, huku nikisikiliza kama kuna mtu anapanda ngazi.

Ukitazama kile kipande cha mpira kilichopinda juu ya ukingo ungeona chanzo: kipovu cha hewa, kikubwa kama yai la kware, kimekaa kileleni. Maji yoyote yanabeba vipovu vidogo. Vikifika kwenye kona ya juu vinapenda kubaki hapo, vinaungana kimoja na kingine, hadi siku moja vinakata maji katikati. Na hapa nilikuwa nimejiletea balaa kwa ujuaji. Nilitumia bomba la inchi 2 kuvukia, nikiamini kwamba bomba likiwa pana zaidi ndiyo usalama zaidi. Sivyo. Nilipima pampu yangu kwa ndoo ya lita 20: inajaa kwa sekunde 75, maana yake ni lita 960 kwa saa. Maji hayo yakipita bomba la inchi 2 yanatembea kama sentimita 13 kwa sekunde, mwendo wa mtu aliyeshiba pilau. Yakipita la inchi 1 yanakwenda mara nne ya hapo, na yanakisukuma kila kipovu mbele yake. Bomba pana linabeba maji mengi kama unayo mengi. Ukiwa na machache linayalegeza.

Siku hiyohiyo niligundua pia kwamba silikoni imeanza kuachana na pespeksi. Ukiibana kwa kidole inabanduka nzima kama ganda la yai lililochemshwa. Silikoni inapendana na kioo. Na pespeksi wanavumiliana tu. Wacha niongeze na hili kwa sababu limeua samaki wa watu: chukua silikoni inayonuka siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile iliyoandikwa kwamba ni ya bafuni, haishiki kuvu, iache bafuni.

Cha pili nikakitengeneza kwa mabomba ya PVC matupu, bila kisanduku chochote, na ndicho ninachokipendekeza kwa mtu yeyote mwenye msumeno wa chuma na subira ya wastani. Fundi bomba wa mtaani kwetu alinichorea kwa chaki sakafuni. Hajawahi kufuga samaki, ila anajua maji yanavyofikiri. Nilinunua Gerezani: bomba la inchi 1, elbo (viungo vya kona) saba, tii (kiungo cha njia tatu) moja, kepu ya kufunikia moja, kopo dogo la gundi. Bomba limepanda bei, elbo bado ni za kuokota.

Fuata maji. Ndani ya tangi kuna bomba la wima lililo wazi juu, na mdomo wake uko sentimita 5 chini ya ukingo wa kioo. Mdomo huo ndio unaoamua kina cha tangi. Maji yanaingia mdomoni, yanashuka, yanageuka chini kwa elbo mbili, yanapanda hadi juu ya ukingo, yanavuka, yanashuka upande wa nje, yanageuka tena chini, yanapanda mpaka kwenye tii, na kutoka hapo ndipo yanakwenda sampu moja kwa moja. Chini, juu, chini, juu, halafu chini ya kweli. Siri iko kwenye hizo kona mbili za chini, moja ndani na moja nje. Haziishiwi maji hata umeme ukikatika wiki nzima, kama ule mkunjo chini ya sinki la jikoni. Kona hizo zikiwa na maji, mnyonyo wa juu hauna pa kuvutia hewa. Tii niliiweka sentimita 5 chini ya usawa wa mdomo wa ndani. Ukiipandisha kupita mdomo, maji hayavuki. Ukiishusha hadi usawa wa kona za chini, mnyonyo unakatika.

Meno nilikata kwenye mdomo wa bomba la ndani, ili wasiingie samaki. Hapo usiwe na haraka. Nilizungushia karatasi, nikaigawa kwa penseli mara kumi na mbili, nikakata kwa msumeno kina cha sentimita tatu, kila mkato nikaupitisha msasa uliokunjwa mara mbili. Ukiacha unyuzi hata mmoja wa plastiki, kesho umeshika jani, keshokutwa umeshika utando, na uso wa maji unapanda bila wewe kuelewa kwa nini. Bomba hilo la ndani sikulitia gundi. Linabanwa tu kwenye elbo yake, kwa hiyo nikitaka kupandisha au kushusha maji nalizungusha na kulivuta kidogo.

Kileleni, pale kilipokaa kile kipovu, nilitoboa tundu dogo nikapachika kimpira cha hewa. Kwa hicho unanyonya kwa mdomo mara ya kwanza ili kuyaanzisha maji (utayameza, usijidanganye), halafu ncha yake unaiunga kwenye kile kichuchu cha kuvutia hewa kilichopo kwenye pampu ndogo inayozama ndani ya tangi. Pampu hiyo inavuta kila kipovu kinachofika kileleni, mchana na usiku. Umeme ukikatika kichuchu kipo chini ya maji, kwa hiyo mnyonyo ukivuta kinyumenyume unavuta maji tu, si hewa. Hata hivyo niliweka valvu ndogo ya kuzuia maji kurudi. Mimi ni mtu niliyeshapaka rangi dari la jirani.

Jaribio nilifanyia bafuni, kwenye pipa, kabla samaki hawajahusishwa. Hapo ndipo lile swali la "Umezima?" lilipokuwa kazi. Michoro mingi ya watu wa nje inakuonyesha maji yanavyokwenda umeme ukiwepo. Sisi tunaishi kwenye ile sekunde umeme unapokwenda na ile unaporudi. Nilizima na kuwasha mara ishirini. Nikazima kwa dakika moja, kwa saa moja, kwa usiku mzima. Nikawasha na kuzima haraka haraka, kama umeme unavyofanya ukiwa haujaamua. Mara ya kumi na nne maji yalisita, nikakuta elbo moja inavuta hewa pembeni, sikuipaka gundi ya kutosha. Ingekuwa sebuleni, ningeijua kwa kugongewa mlango.

Bado nikajiuliza: na mnyonyo ukikata kabisa, licha ya yote haya? Jibu liko kwenye sampu. Tangi la juu lina nafasi ya sentimita 4 kutoka uso wa maji hadi ukingoni, yaani lita 21 na ushee. Mwanzo pampu ilikuwa inaogelea kwenye lita 40 zote, na ingeweza kuzipandisha zote. Nikaweka kizuizi cha kioo ndani ya sampu, chumba cha pampu kikabaki na lita 15. Sasa mnyonyo ukikata, pampu itapandisha hizo 15, tangi litazimeza, pampu itabaki kavu. Huenda ikaungua. Pampu ikiungua nanunua pampu. Ubaya wa chumba kidogo ni kwamba maji yakikauka kwa joto yanaonekana haraka, na kila baada ya siku moja au mbili ni lazima niongeze jagi. Nimekubali.

Ikabaki kelele. Siku ya kwanza ilivyowashwa, ile tii ya nje ilikuwa inameza maji na hewa pamoja kwa mlio wa choo cha kuvuta kisichoisha. Mke wangu alivumilia hadi taarifa ya habari ya saa mbili. "Baba," akasema bila kugeuza kichwa, "tumehamia chooni lini?" Niliifunika tii kwa kepu, nikatoboa tundu la milimita tatu, mlio ukapungua. Nikalipanua kwa ncha ya msumari uliopashwa moto, kidogo kidogo, nasikiliza, hadi ukawa mlio wa bomba la mbali. Dogo mno linaanza kuvuta kwa vishindo, kubwa mno linarudi kuwa choo. Wafugaji wa nje wana mtindo wao maarufu wa kufanya hivi, unaitwa Durso. Mimi kwangu ulitokana na taarifa ya habari.

Meno yana mapungufu yake pia. Mwezi uliopita niliposafisha sponji nikamkuta mtoto mmoja wa duboisi, bado ana vidoa vyake vya kanga, ndani ya sampu, amepita katikati ya meno akiwa bado mdogo. Majike wa duboisi wanatunza mayai na watoto mdomoni kwa takriban mwezi mzima, na huyo lazima alitemwa karibu na mdomo wa bomba. Alikuwa mnene kuliko ndugu zake wa juu. Nilimwacha.

Juzi umeme ulikatika mtaa mzima, saa tatu usiku. Nilikaa gizani nikisikiliza. Maji yalishuka, yakapunguza sauti, yakadondoka matone, yakanyamaza. Baada ya kama dakika arobaini taa zikawaka, feni ikakohoa, na kutoka kwenye kona ya nje ikaja ile sauti ya koo linalomeza, mara moja, halafu mlio wa kawaida. Dirisha la chini likafunguliwa.

"Mwanangu! Huko juu salama?"

"Salama mama. Kukavu."

"Haya," akajibu. Ila dirisha hakulifunga kwa muda.